Chipu ya FPGA: Kwa nini wahandisi huichorea mipaka, na kosa linalowaponza wengi

Chipu nyingi zikishatoka kiwandani, kazi yake haibadiliki tena. FPGA ni tofauti: inakuja na vipande vidogo vya mantiki na nyaya za kuviunganisha, halafu mhandisi ndiye anaamua iwe nini. Ya kwanza ya Xilinx, XC2064 ya mwaka 1985, ilikuwa na vipande 64 tu. Kubwa za leo zina mamia ya maelfu.

Sasa nani anapanga kipi kikae wapi? Programu, kama Vivado ya AMD, kampuni iliyoinunua Xilinx mwaka 2022. Na kusema kweli, mara nyingi inapanga vizuri kuliko binadamu.

Shida ni muda. Saketi ikipiga mapigo milioni 200 kwa sekunde, ishara ina nanosekunde 5 tu kufika inakokwenda. Vipande vinavyotegemeana vikiwekwa mbalimbali, ishara inachelewa na majibu yanaweza kuwa ya ovyo.

Hapo ndipo mhandisi anachora mstatili kwenye ramani ya chipu na kuiambia programu: sehemu hii ya saketi ikae humu. Vivado huuita Pblock. Quartus, programu ya chipu za Altera, huuita Logic Lock.

Wanaoanza hudhani wamejenga ukuta. Hapana. Pblock ya kawaida haizuii kuingia! Sehemu nyingine za saketi zinaweza kuja kukaa humo humo, na nyaya zinaweza kupita nje ya mstatili. Ukitaka wageni wasiingie, unawasha EXCLUDE_PLACEMENT. Ukitaka nyaya zibaki ndani, CONTAIN_ROUTING.

Kosa la pili ni kubana sana. Mstatili ukijaa pomoni, nyaya zinagombania njia, zinazunguka mbali, na muda unakuwa mbaya kuliko kabla hujachora chochote. Pia memori na saketi za kuzidisha hukaa kwenye safu maalumu. Kwa hiyo hakikisha mstatili unazifikia kama kazi yako inazihitaji.

Ndiyo maana wazoefu huiacha programu ipange kwanza bila mipaka, wanasoma ripoti ya muda, kisha wanachora pale tu palipochelewa.

Ila kuna kazi ambayo mpaka si hiari: kubadilisha sehemu moja ya saketi huku nyingine zikiendelea kufanya kazi. Sehemu hiyo lazima iwe na eneo lake.