Diski kuukuu: Uibadilishe lini?

MSOMAJI, hebu jiulize: picha za harusi ya dada yako, sauti ya marehemu babu akisoma dua, na ile tasnifu uliyoihangaikia chuoni mwaka mzima, ziko wapi leo?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Familia za Mombasa zilikwenda studioni, kama ile ya N.V. Parekh iliyovuma mjini tangu miaka ya 1940, na picha zikatiwa kwenye albamu kabatini. Siku hizi, kuanzia Mji wa Kale hadi Tononoka, mambo hayo yamo ndani ya diski. Wapiga video za harusi, shule, zahanati na hata familia huweka kisanduku chenye diski mbili au zaidi, kikaunganishwa na mtandao ili kila mtu afikie faili zake.

Kisanduku hicho hukesha usiku na mchana. Lakini diski ngumu ni mashine. Sahani zake huzunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kila mashine huchakaa.

Hesabu umri wake

Mwaka una saa 8,760. Diski iliyowaka miaka 5 bila kuzimwa imefanya kazi karibu saa 43,800. Diski za visanduku hivi aghalabu huuzwa na waranti ya miaka 3 au 5. Kwisha kwa waranti si kufa kwa diski. Zipo zinazodumu zaidi. Hata hivyo, tangu siku hiyo hasara ni yako. Anza kuweka akiba ya kununua nyingine, na ichunguze kila mwezi. Ikipita miaka 5, na ndani mna vitu visivyopatikana tena, usingoje.

Dalili ya mvua ni mawingu

Kila diski ya kisasa ina kumbukumbu ya afya yake iitwayo SMART. Utaisoma katika ukurasa wa kisanduku chenyewe au kwa programu za bure. Tazama mambo matatu: sehemu zilizoharibika zikahamishwa, sehemu zinazosubiri kuhamishwa, na makosa yasiyorekebishika. Sifuri ni heri. Idadi ndogo isiyobadilika, iangalie kwa jicho pevu. Idadi ikipanda wiki baada ya wiki, badilisha diski mara moja, hata kama ina mwaka mmoja tu.

Mnamo 2007, wataalamu wa kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kuwa diski ikionyesha kosa la kwanza katika ukaguzi, hatari yake ya kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Lakini walipata pia kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili kuu. Mvua nyingine hunyesha bila mawingu!

Vipi joto letu la pwani? Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa joto halina madhara makubwa kama watu walivyodhani, isipokuwa likizidi mno, hasa kwa diski zilizozeeka. Kwa hiyo usikifungie kisanduku kabatini pasipo hewa. Umeme nao ni adui. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa nyingi. Betri ya akiba itakupa dakika za kuzima kisanduku kwa utaratibu.

Mapacha wa hatari

Wengi hujiliwaza kwamba diski ziko mbili, moja ikifa nyingine ipo. Lakini zilinunuliwa siku moja, zimefanya kazi sawa na zimezeeka pamoja. Ukitia mpya, ile iliyosalia itasomwa yote mfululizo. Diski ya terabaiti 4, kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 7. Kikongwe anaweza kuanguka katikati ya safari hiyo, na harusi ya watu ikapotea kabla bibi harusi hajaiona.

Basi fuata utaratibu. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje, na ujaribu kufungua baadhi ya faili. Pili, andika nambari ya diski mbovu ili usije ukachomoa nzima. Tatu, tia mpya yenye ukubwa uleule au zaidi, ungoje hadi kazi iishe. Ile ya pili ibadilishe wiki kadhaa baadaye, kutoka duka jingine ikiwezekana.

Ukinunua, fungua macho. Mapema mwaka 2025 iligunduliwa Ulaya na kwingineko kwamba diski zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kumbukumbu zao zikiwa zimefutwa. Dai risiti, na uhakikishe waranti kwa mtengenezaji kwa kutumia nambari ya diski.

Na ile kuukuu usiitupe jaani. Kufuta faili pekee hakutoshi. Data husalia ndani. Ifute yote kwa programu maalumu, au itobolewe. Kwa shule na zahanati, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawadai uangalifu huo.

Mwisho, weka nakala moja nje ya nyumba, kwa ndugu au rafiki unayemwamini. Diski mpya hununuliwa dukani. Sauti ya babu haiuzwi popote.