Mbawakawa wa Darwin Aliyekaa Miaka 182 Bila Jina

Mwaka 2014 mtaalamu wa wadudu Stylianos Chatzimanolis alichapisha maelezo ya mbawakawa aliyekusanywa na Charles Darwin mwaka 1832 huko Bahía Blanca, Argentina, katika safari ya meli ya Beagle. Mdudu huyo alikuwa amehesabiwa kuwa amepotea, hadi alipoonekana miongoni mwa sampuli ambazo Makumbusho ya Historia Asilia ya London yalimwazima mtafiti huyo.

Mbawakawa huyo ni wa familia ya Staphylinidae, yenye spishi zaidi ya 60,000 zinazojulikana, ambao wengi wao wana mabawa magumu ya juu yaliyo mafupi kiasi cha kuliacha tumbo wazi. Afrika Mashariki inaifahamu familia hii kupitia nzi wa Nairobi, wa jenasi Paederus, ambaye haumi wala hadungi, lakini akisagwa juu ya ngozi hutoa sumu iitwayo pederini inayosababisha malengelenge. Kwa hiyo ni salama zaidi kumpeperusha kuliko kumponda, kisha kuosha mahali alipogusa kwa sabuni na maji. Ndugu zake wengi hawana sumu hiyo, na bila uainishaji makini hakuna njia ya kuwatenganisha kwa uhakika.

Kuainisha ni kulinganisha. Mtafiti huchunguza kwa hadubini kichwa, vipapasio, miguu na hata viungo vya uzazi vya dume, ambavyo mara nyingi hutofautisha spishi zinazofanana kwa nje, kisha hupima kila sifa dhidi ya jamaa waliokwisha kuelezwa. Mdudu wa Darwin, mwenye vipapasio vyenye pingili kama meno ya msumeno, hakulingana na jenasi yoyote iliyokuwapo, ndipo ikabidi iundwe jenasi mpya, Darwinilus, na spishi ikaitwa Darwinilus sedarisi kwa heshima ya mwandishi David Sedaris. Sampuli ya Darwin iliteuliwa kuwa kigezo, yaani ile ambayo jina limefungwa kwayo, na ambayo kila atakayetilia shaka utambulisho huo hapo baadaye atalazimika kuirejea. Hapa ndipo thamani ya makumbusho inapoonekana wazi kuliko popote.

Wakati wa maelezo hayo ilijulikana sampuli nyingine moja tu, iliyotoka Río Cuarto, pia Argentina, na kukusanywa kabla ya mwaka 1935. Kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya huko imegeuzwa mashamba, kumtafuta mbawakawa huyu akiwa hai ni kazi isiyopaswa kucheleweshwa.