Pikipiki ya Babu: Ifufuliwe au Iuzwe Chuma Chakavu?

Paukwa! Najua mmeshaitikia "pakawa" mioyoni. Basi leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna pikipiki.

Ilikuwa Muheza, mkoani Tanga, nyuma ya banda la kuku la mzee mmoja aliyewahi kuwa bwana shamba. Honda CG125. Zamani ilikuwa nyekundu. Siku hiyo ungeapa imefinyangwa kwa udongo. Mzee alistaafu, magoti yakamgomea, akaiegesha pale akisema atairudia wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika. Mpapai ukaota katikati ya spoki, kuku wakageuza siti kuwa kiota.

Asubuhi moja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Walikuwa wameshafika kwenye bei ya kilo pale mjukuu, binti wa kidato cha pili, alipotoka ndani. "Babu, subiri kwanza. Tumwite fundi aitazame." Mdogo wake akadakia kwamba yeye ameshachagua rangi. Bluu.

Ninyi mngeanzia wapi? Nawajua, mngeanza kupiga kiki. Fundi alipofika hakuigusa kabisa. Alimwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba, mgonjwa wako yuko huku," kisha akaomba vitu viwili: kitambaa kilicholowa na kadi ya pikipiki.

"Kadi ya nini, na hata haijawaka?" akauliza yule mdogo.

Fundi akachuchumaa, akafuta udongo kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita, hadi namba zilizogongwa kwenye chuma zikaonekana. Akafuta na ubavu wa injini, namba nyingine ikatokea. Mzee akaleta kadi kutoka sandukuni. Mende walikuwa wameila pembeni, lakini namba zilisomeka, na zote mbili zililingana na zile za kwenye chuma.

Hapo fundi akavuta pumzi. Vipuri vinauzwa, historia ya chombo haiuzwi. Pikipiki isiyo na kadi, au yenye namba zilizokwanguliwa, unaweza kuitengeneza ikang'aa halafu ikakaa uani, kwa sababu huwezi kuikatia bima wala kuibadilisha jina. Na kama mwenye kadi amefariki, kuna safari ya mahakamani kuteua msimamizi wa mirathi, ndipo uende Mamlaka ya Mapato. Safari hiyo inawezekana, ila ihesabiwe tangu mwanzo. Bahati ya watoto hawa ni kwamba mwenye kadi alikuwa amesimama pale pale, akimfukuza kuku juu ya siti.

Kisha fremu. Hapa tutakaa kidogo, maana kwa maoni yangu ndipo kesi nyingi zinapoamuliwa, na ndipo watu wanapopita haraka kuliko pote. Fundi aling'oa siti, akatazama chini ya sehemu ya betri, ambako tindikali hudondoka na kula chuma kimyakimya. Akatazama pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikana na fremu, na kwenye kila uchomeleaji. Akagonga bomba kwa spana, hapa na pale, huku ametega sikio. Chuma kizima hutoa mlio wa wazi. Kilichooza ndani hutoa mlio mfu, na pengine spana inatoboa. Kutu ya juu juu hakuijali. Kwa unyevu wa Tanga, chuma kisicho na kutu kingekuwa ajabu. Alichokuwa akitafuta ni ufa na shimo, maana fremu iliyopasuka hukatika ukiwa mwendoni, na hapo haijali umevaa kofia ya namna gani. Hakuona ufa wala shimo.

"Sasa injini," akasema yule mdogo, mikono kiunoni.

Sasa injini. Lakini kwanza niwaambie huyu mgonjwa ni wa ukoo gani, kwa sababu uamuzi unategemea ukoo pia. Kampuni ya Honda ilianzishwa Japani mwaka 1948 na Soichiro Honda. Miaka 10 baadaye ikatoa Super Cub, pikipiki ndogo ambayo kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Lakini katika nchi nyingi zinazoendelea wahandisi wake walikuta jambo jingine: pikipiki moja inabeba familia nzima na gunia juu, vumbi limejaa kwenye cheni, na oili haibadilishwi mpaka injini ilie. Wakaamua kutengeneza chombo cha kuvumilia hayo. CG125 ikatoka mwaka 1976. Kamshafti haikuwekwa juu kichwani na cheni yake ndefu ya kuchakaa. Iliwekwa chini, ikawa inasukuma vali kwa fito. Mnyororo wa gurudumu nao ukafunikwa wote, vumbi lisiuguse. Nchini Brazil, tangazo lake alilifanya Pelé mwenyewe.

Muundo huo ulikuwa rahisi kiasi kwamba viwanda vya China vikauiga, na nyingi ya bodaboda za Kichina mnazoziona stendi zina injini ya ukoo huo. Ndiyo maana pikipiki ya mzee, yenye umri wa kuwazidi wazazi wenu wengine, inaweza kupata pistoni, ringi na klachi Kariakoo, au Grogan kule Nairobi. Boxer ni ukoo mwingine, vipuri vyake havitakusaidia. Na hata vya Kichina havilingani vyote kwa milimita, kwa hiyo nenda na kipuri cha zamani mkononi, mpime pamoja dukani. Ingekuwa pikipiki adimu ya Ulaya, fundi angeweza kufunga begi lake mapema.

Akafungua plagi. Kiki akaisukuma kwa kiganja, taratibu. Haikusogea hata kidogo. Injini imekwama.

Mzee akamtazama mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuwa bado anangoja kivulini. Fundi akamwambia mzee asubiri. Injini iliyokwama mara nyingi ni ringi tu zimeshikana na silinda kwa kutu nyembamba. Ukiirukia kiki kwa hasira utavunja kitu kizima. Akamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, akawaagiza waiache siku kadhaa na kuongeza kidogo kila jioni. Baadaye akaweka gia kubwa, akatikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka kitu ndani kikaachia.

Akamwita binti. "Weka kidole kwenye tundu la plagi." Akapiga kiki polepole. Upepo ukakisukuma kidole, lakini kinyonge. Akaongeza oili kidogo, akarudia, na safari hii kidole kikarushwa. Mmeelewa? Oili imeziba nafasi kati ya ringi na silinda. Kumbe upepo ulikuwa unavujia hapo. Kama oili isingebadilisha chochote, angeshuku vali.

Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Chukueni daftari mtafute ujazo, mtapata sentimita za ujazo 124 na kidogo. 125 ya kwenye jina inatoka hapo. Silinda ikichakaa, hupelekwa kwenye mashine ikatanuliwa robo au nusu milimita, ikavalishwa pistoni kubwa kidogo. Ni gharama, lakini ya kawaida.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Petroli ya tangini ilikuwa imegeuka gundi yenye harufu ya vanishi, hivyo kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Tangi lina kutu ndani: litolewe petroli yote mahali pa wazi, mbali na jiko, lijazwe siki, liachwe. Matairi yamepasuka, yatupwe hata kama bado yana kashata. Waya panya wamekula. Platini na betri ya volti 6, kama ilivyokuwa kwa CG za mwanzo, vinahitaji fundi mzee anayevijua.

Binti akaandika kila kitu kwa bei aliyotajiwa, akajumlisha, kisha kwa ushauri wa fundi akaongeza theluthi moja kwa yale ambayo hayaonekani mpaka injini ifunguliwe. Jumla ikakaribia bei ya pikipiki ya Kichina iliyotumika. Kimya.

"Babu, ikipona utaifanyia nini?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalingoja. Mzee akasema hataki bodaboda wala safari ya Tanga mjini. Anataka kwenda shamba la machungwa na kurudi, mjukuu akiendesha siku atakapopata leseni. Fundi akatikisa kichwa kukubali. Kwa kazi ya kutafuta riziki kutwa, angewashauri wanunue iliyo nzima, kwa sababu chombo kikilala gereji siku mbili, nyumbani hakuna mboga. Kwa njia ya shamba, kazi inaweza kufanywa kidogo kidogo kila fedha inapopatikana. Breki, matairi na silinda kwanza.

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliporudi, akapewa ekzosi iliyooza na rimu moja, akapima, akalipa.

"Na bluu yangu?" akauliza yule mdogo.

"Wewe kaongeze siki kwenye tangi," fundi akamwambia. "Bluu tutaizungumza ikishasimama kwa breki."