Ukumbi Nao ni Chombo cha Muziki

Watu wengi hudhani kwamba sauti wanayoisikia katika santuri imetoka kwa mwimbaji na chombo chake tu. Sivyo. Sehemu kubwa hutoka katika kuta, dari na sakafu. Mpiga fidla yule yule akipiga uwanjani, kisha akipiga kanisani, utadhani ni watu wawili.

Jambo lenyewe ni hili. Sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ikifika ukutani, sehemu yake humezwa na sehemu hurudishwa, nayo hugonga ukuta mwingine, hivyo hivyo mpaka ififie. Muda huo wa kufifia ndio tabia ya ukumbi. Mwaka 1895 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alianza kuupima usiku kwa bomba la kinanda, akiingiza na kutoa mito ya viti. Akaona kwamba vitu laini humeza sauti, hata watu na nguo zao. Kwa elimu hiyo ulijengwa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ambamo sauti hukaa karibu sekunde 2.

Mafundi wa kunasa sauti wa Ulaya wana kumbi zao wanazozipenda. Kingsway Hall wa London, uliojengwa mwaka 1912 kwa kazi ya misheni ya Wamethodisti, ulisifiwa sana ingawa garimoshi zilipita chini ya ardhi na ngurumo zao zimo katika baadhi ya santuri. Ulibomolewa mwaka 1998. Huko Berlin wengi walilipenda kanisa la Dahlem liitwalo Jesus-Christus-Kirche. Mimi ningepewa nauli, ningeanza huko Dahlem. Kwa sasa nauli yangu hunifikisha Muyinga tu.

Basi tutazame kwetu. Ngoma za Gishora, karibu na Gitega, hazihitaji kuta kamwe. Zilitengenezwa zisikike kilima hata kilima. Ukizifungia ndani utapata kelele kama ya mawe ndani ya debe. Kwaya nayo yataka kanisa. Hapa Gitega nilipiga kofi moja katika kanisa tupu, nikahesabu sekunde 3 kabla ya kunyamaza. Jumapili, watu wakiwa wamejaa, hazikufika 2. Wimbo wa Kilatini wa polepole hupendeza sana katika kanisa tupu, lakini wimbo wa Kirundi wa haraka huharibika: neno la kwanza halijatoka, la pili limekwisha kuingia. Na msijaribu masika, kwa maana mvua juu ya bati haimheshimu mwimbaji yeyote.

Lakini chombo kigumu kuliko vyote ni inanga. Ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja hupitishwa juu yake mara kadhaa, huku na huku. Mpigaji haimbi, hunong'ona. Mnong'ono hauna tuni, ni pumzi tu. Tuni hutoka katika uzi. Sikio huviunganisha viwili hivi, likadhani mzee anaimba kwa sauti nzito ya ajabu. Mwaka 1967 Bwana Michel Vuylsteke alinasa muziki wa Burundi kwa ajili ya santuri za Ocora za Ufaransa, na mnong'ono huo umo. Ukimweka mpigaji huyo katika kanisa kubwa, pumzi yake hupotea na muungano ule huvunjika. Msikilizaji atasikia nyuzi tu, naye atasema muziki huu ni wa kuchosha! Inanga yataka chumba kidogo chenye ukuta wa udongo, mikeka chini na nyasi juu, yaani nyumba ile ile ambamo ilizaliwa. Nyumba hizo zapungua mbele ya macho yetu.

Kijijini kwetu, karibu na mji wa Muyinga, yuko mzee aliyepita miaka 80, na hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyejifunza inanga. Amekubali tumnase likizo kubwa ijayo. Kwa heshima ya wageni alitaka tukae sebuleni katika nyumba mpya ya saruji na bati. Nilimwomba kwa adabu atupe jiko la zamani lililoezekwa kwa nyasi. Alicheka sana, akakubali, kwa sharti kwamba tuwatoe mbuzi sisi wenyewe.

Kinasa sauti kidogo tunacho. Hata simu ya mkononi yafaa, maadamu chumba ni kizuri. Tunahitaji mikeka 4. Na ninyi wanafunzi wa zamani mlioko Muyinga au kwingineko, mkimjua mpiga inanga mwingine, mwandikieni mhariri kabla ya mwezi wa Juni, mtaje na aina ya nyumba anayokaa.