Redio ikikatakata baharini, tazama antena kwanza

HUENDA umewaona, msomaji, vijana wa boti za kutembeza wageni kule Watamu na Malindi wakiwa na redio za mkono zinazoning'inia kiunoni. Ufuoni redio hizo husikika vizuri ajabu, hata mwenzako akikohoa unamsikia. Lakini boti ikishavuka mwamba na kuelekea bahari kuu, sauti huanza kukatakata, na hatimaye hubaki mlio tu kama wa maji yanayochemka.

Wengi hulaumu betri. Wengine hukimbilia dukani kutafuta redio yenye wati nyingi zaidi. Kumbe mara nyingi ugonjwa uko kwenye kile kijiti cha mpira kilichosimama juu ya redio, yaani antena, na mahali kilipowekwa.

Hili si jambo la mzaha. Injini ikizima wakati wa kusi, redio huweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuita msaada. Simu ya mkononi hupoteza mtandao ukienda mbali, na hata ikishika, anayekusikia ni yule mmoja uliyempigia. Redio ya baharini ikiwa kwenye chaneli 16 husikiwa na kila chombo kilicho karibu ambacho kimefungulia chaneli hiyo.

Sasa, kwa nini sauti ipotee? Mawimbi ya redio hizi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hali dunia ni mviringo. Ukifika mahali ambapo maji yameinuka kati yako na mwenzako, basi, mazungumzo yamekwisha. Wanafunzi wanaweza kupiga hesabu hii wenyewe: chukua urefu wa antena kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni umbali wa kilomita ambao antena hiyo "inaona". Mvuvi aliyeketi kwenye ngalawa, redio ikiwa mita 1 juu ya maji, huona kama kilomita 4. Wavuvi wawili wa aina hiyo hukoma kusikizana wakifikia kilomita 8 hivi. Lakini mmoja akiwa ufuoni na antena juu ya mlingoti wa mita 9, yeye huona kilomita 12. Jumlisha 4 za mwenzake, upate 16. Hakuna aliyebadilisha redio hapo.

Watu wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wana ushahidi wa jambo hili mlangoni pao. Kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini hapo, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Setilaiti hiyo ilizunguka zaidi ya kilomita 500 juu ya vichwa vyetu, na mawimbi ya redio huvuka umbali kama huo bila shida kwa kuwa hakuna kizuizi katikati. Redio ya mkono ya wati 5 iliyo ufuoni hapo Ngomeni haifiki Malindi, mwendo wa chini ya kilomita 30.

Baada ya urefu wa mlingoti, tazama urefu wa antena yenyewe. Gawanya 300 kwa masafa ya redio yako kwa megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Chaneli 16 iko kwenye megahezi 156.8, kwa hiyo wimbi lake ni mita 1.9, na robo yake ni sentimita 48 hivi. Kile kijiti kifupi cha mpira ni waya uliosokotwa ili ukae mfukoni, na katika kusokotwa huko nguvu nyingi hupotea. Antena nyembamba ya robo wimbi itakuchoma ubavuni, lakini utasikika vizuri zaidi. Usinunue tu kwa sababu ni ndefu, maana antena ya masafa mengine hurudisha nguvu ndani ya redio na kuipasha moto.

Hapa kuna ujanja usiogharimu kitu. Robo wimbi huhitaji nusu ya pili, na katika redio ya mkono kazi hiyo hufanywa na chuma cha redio pamoja na mkono wako. Chukua waya laini wa sentimita 48, ufunge kwenye pete ya chuma iliyo chini ya antena (usiguse msumari wa katikati) na uuache uning'inie. Na ukiongea, inua redio isimame wima usoni. Mwili wa binadamu hunywa mawimbi, na kiunoni ndipo pabaya kabisa.

Kwa boti ya faiba, ambayo haina chuma cha kusaidia, afadhali antena ya nusu wimbi iliyofungwa juu ya mlingoti. Wauzaji watakusifia zile ndefu "zenye nguvu". Hizo hazitengenezi nguvu mpya, huibana tu iende kwa usawa. Chombo kidogo kikiyumba, nguvu hiyo humwagwa mara angani mara majini. Kwenye mlingoti wa nchi kavu, sawa.

Waya wa kushukia nao ni mwizi. Mita 10 za aina nyembamba huweza kumeza theluthi ya nguvu, na chumvi ikiingia kwenye maungio, humeza zaidi. Yafunge kwa utepe wa mpira, uyakague kila msimu.

Ukienda dukani, beba redio yako, kwani skrubu za antena hutofautiana hata zikifanana kwa macho. Uliza pia kuhusu leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, kwa maana kutumia redio hizi bila kibali ni kosa kwa mujibu wa sheria ya 1998.