Namna ya kumkabili mfanyakazi mwenza anayeandika ujumbe kiholela

WAKAZI wengi wa mtaa wa Pipeline, Embakasi jijini Nairobi, huamka alfajiri na kushika njia kwa miguu kuelekea Industrial Area, ambako hupokea zamu kutoka kwa wenzao waliokesha viwandani. Anayeingia hutegemea alichoandikiwa na anayetoka: sentensi mbili daftarini, au siku hizi ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe huo ukiandikwa kiholela, anayelaumiwa mara nyingi si aliyeuandika bali ni aliyeutekeleza.

Chukua mfano wa ujumbe usemao, “Gari linakuja kesho saa 2, toa 50.” Kwa hesabu ya Kiswahili, saa 2 ni asubuhi au usiku. Kwa anayefuata hesabu ya Kizungu, hiyo ni saa nane ya mchana au ya usiku. Je, hizo 50 ni katoni au ni vipande? Na ikiwa ujumbe uliandikwa baada ya saa sita usiku, “kesho” ni siku gani? Si ajabu magazeti ya Kiswahili huandika “usiku wa kuamkia Jumapili” ili kuepuka utata wa aina hiyo.

Madhara yanaweza kupita hasara ya katoni. Mnamo Julai 6, 1988, jukwaa la mafuta la Piper Alpha lililokuwa katika Bahari ya Kaskazini, karibu na Scotland, liliteketea na watu 167 wakafariki. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 1990, ulibaini kuwa zamu ya usiku iliwasha pampu bila kufahamu kwamba valvu yake ya usalama ilikuwa imeondolewa mchana ili ifanyiwe matengenezo. Utaratibu wa vibali vya kazi na wa kukabidhiana zamu ulilaumiwa vikali.

Mpokeaji wa ujumbe usioeleweka hana budi kuuliza kabla ya kutenda, na kuuliza kwa maandishi: “Ni saa mbili asubuhi ya Jumanne, katoni 50 za sabuni, sivyo?” Kufanya hivyo si kiburi. Jibu la “ndiyo” hugeuza fumbo kuwa maagizo.

Makosa yakijirudia, ni vyema mhusika aitwe kando. Kumkosoa mbele ya kundi zima, hasa akiwa mtu mzima anayeitwa mzee au mama na wenzake, humfanya ajitetee badala ya kujirekebisha. Huenda ameandika huku akikimbilia matatu, au kioo cha simu yake kimepasuka. Wala tatizo si Sheng wala tahajia. Ujumbe wa Sheng wenye kutaja kitu, kiasi, siku na saa ni bora kuliko Kiswahili sanifu kisicho na lolote kati ya hayo.

Asipobadilika, msimamizi aelezwe, tena kwa kuonyeshwa ujumbe wenyewe wala si kwa masimulizi. Hapo ndipo ajira ya mtu inapoweza kuponea. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinahesabu uzembe katika kazi inayohitaji uangalifu kuwa sababu ya kufutwa bila notisi. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri kumweleza mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza kwanza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kuhusu mshahara, kifungu cha 19 kinaruhusu makato kwa mali ya mwajiri iliyoharibika au kupotea pale ambapo mfanyakazi alikusudia kukiuka wajibu wake. Aliyeuliza na kujibiwa ana la kuonyesha.

Wengi hufuta ujumbe kila mara ili simu ipate nafasi. Ule wa kazi ni heri unakiliwe kwanza daftarini, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyeutuma.