Kubeba Petroli Si Jambo Dogo

"Wakili, kijana wetu alibeba jerikani tu. Moto waliuwasha wengine. Atafungwaje kwa mauaji?"

Kila nyumba inapochomwa na mtu akafia ndani, naulizwa hivyo hivyo, kana kwamba sheria inamtafuta mwenye kiberiti peke yake. Nimechoka kulisikia swali hili, kwa sababu linawapeleka vijana jela wakiwa bado wanashangaa.

Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakina fumbo. Watu wakiungana kutimiza jambo haramu, na katika kulitimiza likatendeka kosa ambalo lilielekea kutokea, kila mmoja wao huhesabiwa amelitenda. Hatia haigawanywi kama nyama ya mbuzi, eti mkiwa kumi kila mtu aondoke na kipande chake. Aliyeleta petroli, aliyefunga mlango kwa nje na aliyesimama njiani kuzuia majirani wasiokoe, wote ni wauaji iwapo walijua kuna mtu ndani.

Wala msiniambie hapakuwa na kikao cha kupanga. Mwaka 1943, katika kesi ya kupigwa kwa mtu aliyedaiwa kuwa mwizi, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema makubaliano ya awali si lazima. Nia ya pamoja husomwa katika kuwepo kwako, matendo yako, na kutojitenga kwako.

Hata hivyo, ni lazima ushahidi umguse kila mshtakiwa. Kanisa la Kiambaa lilichomwa Januari 1, 2008, watu wakiwa ndani. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne, na jaji akaulaumu upelelezi. Mpita njia si mshiriki.

Mchango mdogo una mahali pake, nao ni kwenye adhabu. Tangu Desemba 2017, Mahakama ya Upeo ilipoondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, jaji anaweza kupima umri wako, majuto yako na ulichofanya hasa. Kuchoma nyumba nako kuna adhabu ya hadi kifungo cha maisha. Ikiwa ni miaka, vifungo vya tukio moja kwa kawaida hutumikiwa kwa pamoja.

Ndiyo maana nawakasirikia washauri wa mtaani wanaowafundisha washtakiwa wote kuimba "sikuwepo". Uongo huo ukivunjika, hakuna ushahidi uliobaki wa kumwonyesha jaji kwamba ulifanya kidogo kuliko wenzako.

Basi: polisi wakikukamata, nyamaza hadi uonane na wakili; kwenye kesi ya mauaji, asiye na uwezo hupewa wakili bila malipo. Kama kweli hukuwepo, sema mapema na utaje mashahidi. Kama ulijitenga, thibitisha uliondoka lini na nani alikusikia ukikataa. Uliza kuhusu makubaliano ya kukiri kosa la kuua bila kukusudia. Ukipatikana na hatia, zungumza kwa ukweli na afisa wa urekebishaji tabia, maana ripoti yake inasomwa na jaji. Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14.